Mkwe Hatazamwi

Kuna mwizi anayevunja ukuta gizani, na kuna mwizi anayekuja mchana kweupe, amevaa koti, nyuma yake ng'ombe, nanyi mnamchemshia chai. Wabwile alikuwa wa aina hiyo ya pili. Siku alipofika Misikhu na wajomba zake kumposa Rispah, binti ya Wilkista, hakuna aliyeshika rungu. Watu walitandika mikeka, wanawake wakapiga vigelegele. Mama ya msichana mwenyewe alikuwa jikoni kwenye moshi, mlango umefungwa, kwa maana kwa desturi ya Wabukusu mama na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawaketi nyumba moja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, wanakimbiana.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Huyo Wabwile alikuwa mpiga gitaa wa Wilkista. Tangu vita vya Hitla viishe walikuwa wakiketi bega kwa bega, yeye akipiga, Wilkista akiimba, na Rispah, alipokua kidogo, nyuma yao akigonga chupa ya soda kwa msumari kushika mapigo. Kutoka Bungoma hadi Kitale, nani hakumjua Wilkista? Aliwahi kuwa yaya kwa mzungu mmoja mkulima kule Saboti, na kwenye gramafoni ya mzungu huyo waliimba wachunga ng'ombe wa Amerika, wale wanaovunja sauti katikati ya neno ikaruka juu, ikarudi chini. Wilkista aliwasikiliza akipiga pasi. Alipotoka pale aliondoka na kofia moja kuukuu ya bwana na ile namna ya kuimba, akaitia Kibukusu na Kiswahili, akaimba habari zake mwenyewe: ng'ombe waliopotea, mashamba yaliyochukuliwa, mume aliyepanda treni kwenda vitani Burma asirudi. Watu walimwita Mama Kauboi, naye alipenda.

Kwa hiyo aliposikia vigelegele pale nje, aliwaza nyimbo zake kwanza. Aliufungua mlango wa jikoni kidogo tu, akamwita Jotham, ndugu ya marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipokea mahari.

"Shemeji, mmekubali?"

"Tumekubali. Ng'ombe ni wazuri, bana. Mmoja ana mimba."

"Na gitaa yangu?"

"Gitaa gani tena?"

"Si huyo anayeoa. Nani atanipigia?"

Jotham alicheka mpaka akashika ukuta. "Ati gitaa! Msichana anapata bwana, wewe unauliza gitaa. Rudi ndani, mama, mkwe wako atakuona."

Wilkista alirudi ndani. Msimlaumu. Alikuwa ameahidiwa. Kabla ya mambo kuwa rasmi, Wabwile alikuwa amemwambia kwa mdomo wake mwenyewe, akiangalia chini kama mtoto wa kanisa: "Mama, usiogope. Tutatundika shuka katikati. Wewe upande huu, mimi upande ule. Kuonana ndiyo mwiko, kusikiana si mwiko." Na Rispah alikuwa amelia kwamba hamtaki mwanamume mwingine duniani. Wilkista alikuwa amemtajia vijana kutoka Chwele hadi Kimilili, wenye mashamba, wenye kazi ya reli, na msichana akatikisa kichwa kwa kila mmoja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Akakubali.

*

Jumamosi iliyofuata arusi, Wilkista alifua shuka nyeupe, akaipiga pasi, akaikunja, akaenda nayo Kitale. Walikuwa wakiimba kila Jumamosi katika hoteli ya Nyaguthii, mama Mkikuyu ambaye watu wake walikuja Trans-Nzoia zamani kulima kwa wazungu, naye akaliacha jembe akafungua mahali pa chai na mandazi. Wilkista aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa heshima, asije akamkuta mkwe.

Alikuwa bado uani alipoisikia gitaa. Hawakumngoja. Halafu akausikia wimbo wake. Ulikuwa ule mkubwa, ule ambao watu wa Kitale walikuwa wakiuitisha kabla hajavua hata kofia, "Reli Haina Mama". Na aliyekuwa akiuimba ni Rispah.

Aliimba vizuri, hiyo ndiyo taabu. Kama angeimba vibaya mama yake angecheka, mambo yaishe. Lakini msichana huyu alikuwa amekulia nyuma ya sauti ile, alijua kila kona yake, na alipoivunja ikavunjika mahali pake hasa.

"Reli haina mama, reli haina mtoto,
ilimbeba mpenzi wangu, haikusema inampeleka wapi."

Wilkista alishika mti wa kuanikia nguo. Wimbo haukusema hivyo. Yeye alikuwa ameutunga "ilimbeba baba Rispah", maana ndivyo alivyomwita mumewe maisha yake yote, na ndivyo alivyomwita siku ile stesheni ya Bungoma akikimbia kando ya behewa na mtoto mgongoni. Mtu alikuwa amemtoa baba Rispah kwenye wimbo wa baba Rispah, akaweka mpenzi. Na mtoto wake mwenyewe ndiye alikuwa akiuimba.

Nyaguthii alitoka na sufuria, akamkuta pale.

"Mama Kauboi! Walisema wewe uko mgonjwa."

"Nani alisema?"

"Si huyo mkwe yako."

"Mwambie nimekuja. Mwambie nimeleta shuka."

Nyaguthii aliingia, akakawia, akatoka amekunja uso. "Anasema ati itakuwa aibu. Ati watu wa kwao watamcheka, mwanaume kuimba na mama ya bibi yake. Anasema ukae nyumbani upumzike, ati umefanya kazi mingi."

"Nipumzike?"

"Ndivyo alisema."

"Nipumzike mimi? Ni kaburi ananionyesha ama ni kitanda?"

Angesema zaidi, lakini wimbo uliisha, watu wakapiga makofi, na mlango wa nyuma ukasukumwa. Wabwile alikuwa akitoka kwenda chooni. Na hapo, Mungu wangu, miguu ya Wilkista ilifanya ilichofundishwa tangu utotoni. Alijifunika shuka kichwani, akakimbia nyuma ya banda la kuku, akateleza kwenye matope, akaangukia magoti, akakaa hapo hapo chini huku kuku wakimpigia kelele. Kutoka kwenye banda alimsikia mkwe wake akikojoa taratibu na kupiga mluzi. Alikuwa akiupiga mluzi wimbo ule ule.

*

Jotham alikuwa mzee wa kanisa, na mtu aliyejua kukaa kitini. Wilkista alimkuta kwake, miguu kwenye kigoda, akitazama mmoja wa wale ng'ombe akila majani.

"Shemeji, nyimbo zangu zimeibiwa."

"Zimeibiwa namna gani? Unazo mdomoni."

"Wabwile anaziimba kwa hoteli kama zake. Anabadilisha maneno. Ametoa ndugu yako ndani."

"Ametoa wapi?"

"Ndani ya wimbo! Mahali nilisema baba Rispah, yeye anasema mpenzi."

"Sasa hiyo ni mbaya? Ndugu yangu amekufa. Mwache alale."

"Basi mwite Wabwile hapa, nimwambie mwenyewe."

"Utamwambia namna gani? Huyo ni mkwe wako. Hamuonani."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi?" Jotham alishtuka kabisa, kama aliyeambiwa auze kanisa. "Ng'ombe za watu ziko hapa kwa boma yangu, niende nimwite kijana mwizi? Wacha hiyo maneno, mama. Wimbo ni upepo. Kwani upepo una mwenyewe? Na tena wewe ni mjane, umri umeenda, unataka nini na kuimba hotelini? Wanawake wenzako wako kwa kwaya ya kanisa."

"Kwaya mlinifukuza. Mlisema navunja sauti kama mlevi."

"Basi, unaona? Mungu mwenyewe alikuwa anakuambia upumzike."

Huyo wa pili kumwambia apumzike! Wilkista aliona kwamba wanaume hawa wawili hawakuhitaji hata kukutana ili wasemezane. Ile desturi nzuri, iliyowekwa na wazee ili watu waheshimiane, ilikuwa imegeuka ukuta. Nyuma ya ukuta huo Wabwile alikuwa amekaa starehe na mali ya mtu, na mwenye mali hakuruhusiwa hata kuchungulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimelipiwa mahari.

Wiki zilizofuata ziliongeza chumvi. Akienda kisimani, watoto walimpigia kelele kwamba mkwe anakuja, naye akajitupa kwenye mahindi na mtungi wake, wakacheka, hakuna mkwe wala nini. Akienda sokoni, akasikia Wabwile yuko upande wa ng'ombe, alifunga viazi vyake akarudi navyo bila kuuza. Wabwile hakujitupa popote. Kila mtu alikuwa akimfagilia njia. "Kaa tu, bana," walimwambia, "mama ameshajificha."

*

Aliyeleta habari ya santuri ni Nyaguthii. Alifika soko la Misikhu kununua maharagwe, akamkuta Wilkista nyuma ya gunia, kofia yake imewekwa chini kama kitu cha mtu mwingine.

"Umesikia? Lori ya santuri inakuja Kitale siku ya Alhamisi. Mhindi anatoka Nairobi na mashine. Atashika nyimbo, aende nazo, zirudi zikiwa santuri. Wabwile ameandikisha 'Reli Haina Mama'. Jina lake na bibi yake."

Wilkista alijua maana yake. Hotelini watu husahau, wakikukumbuka wanakuitisha tena. Santuri haisahau. Ikishatoka hivyo, mjukuu wake mwenyewe atakuja kumwambia kwamba wimbo huo ni wa babu Wabwile, na baba Rispah hatakuwa amepanda treni yoyote.

"Nifanye nini, Nyaguthii? Siwezi kuingia mahali alipo."

"Kwa nini?"

"Ni mwiko. Kwani kwenu hakuna?"

"Iko. Sisi pia tunaheshimu mkwe." Nyaguthii aliketi juu ya gunia. "Lakini nataka kuuliza kitu. Hiyo mwiko ni ya nani?"

"Ya wawili. Mama na mkwe."

"Siku ile nyuma ya hoteli yangu, mlikuwa mnakimbiana, ama ulikuwa unakimbia pekee yako?"

Wilkista alijisugua goti.

"Mimi niliona mtu mmoja kwa matope," Nyaguthii akasema. "Yule mwingine alikuwa anakojoa."

"Nikimtokea watasema nimemlaani. Watasema mimi mchawi. Kondoo itachinjwa kuondoa mwiko, wazee waitwe."

"Ndiyo. Hiyo ni kondoo tu." Nyaguthii alisimama akakung'uta nguo. "Mimi naenda. Nipimie maharagwe."

*

Ukumbi ulikuwa mmoja wa mabati, karibu na stesheni ya Kitale. Mhindi wa santuri alikuwa amepigilia mablanketi kwenye madirisha ili kelele za mabehewa zisiingie, akaacha mlango mmoja tu. Nje waimbaji walikuwa wamepanga mstari na gitaa zao, na ngoma, na marimba. Walipomwona Wilkista akija, kofia kichwani, walimsalimu kwa shangwe.

"Mama Kauboi! Mulembe! Tulisikia umeacha!"

"Mulembe. Mlisikia kwa nani?" akasema, akapita.

Mmoja, Kimaiyo, Mkalenjin mpiga gitaa wa Cherangani, alimshika mkono. "Mama, ngoja. Mkwe wako yuko ndani."

"Najua."

Akasukuma mlango, akaingia, akasimama pale pale mlangoni.

Wabwile alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni, mguu juu ya kibao, koti lake la siku ya mahari mwilini. Rispah alikuwa kando yake na chupa. Mhindi alikuwa ameinua mkono awape ishara ya kuanza. Mlango ulipolia Wabwile aliinua macho kwa hasira, na macho yake yakatua moja kwa moja usoni mwa mama mkwe wake.

Wilkista hakujifunika. Alitamani. Shingo yenyewe ilitaka kugeuka. Lakini alimtazama. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayenunua fahali.

"Mulembe, mkwe wangu," akasema.

Gitaa ilianguka chini ikalia yenyewe. Wabwile alivuta koti akajifunika kichwa, akakimbilia mlangoni, akakumbuka aliye mlangoni, akageuka, akagonga kiti, akagonga meza, Mhindi akapiga yowe juu ya mashine yake. Mlango ulikuwa mmoja tu, na mlango huo ulikuwa na mama mkwe. Basi Wabwile akararua blanketi la dirishani, akapanda, suruali ikanasa kwenye msumari, akabaki akining'inia nusu ndani nusu nje. Aliomba kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali, geuka. Geuka upande mwingine, mama."

"Nimegeuka vya kutosha," Wilkista akasema.

Suruali ikapasuka. Nje kicheko kililipuka mpaka kwenye mabehewa.

"Wewe nani?" Mhindi akauliza, ameikumbatia mashine yake. "Fanya nini hapa? Mimi lipa ukumbi kwa saa, mama!"

"Mimi ni mwenye wimbo."

"Wimbo ya Wabwile hii. Hapa andikwa."

"Ati ya Wabwile!" Kimaiyo alikuwa ameingiza kichwa kwenye dirisha lililoraruliwa, na nyuma yake wengine wanne watano. "Bwana, uliza mtu yeyote Kitale. Hiyo ni ya Mama Kauboi. Mimi niliisikia kabla hata huyo kijana hajajua kukaza nyuzi."

"Ni yake!" wengine wakapokea. "Ni ya mama!"

Mhindi akamgeukia Rispah, kwa kuwa ndiye aliyebaki. "Wewe sema. Ya nani?"

Rispah alikuwa amesimama na msumari mkono mmoja, chupa mkono mwingine, machozi yakimteremka mpaka kidevuni. "Mayi," akamwambia mama yake, "nikisema, nitarudi wapi usiku wa leo?"

Njia nzima kutoka Misikhu Wilkista alikuwa amejaza maneno kifuani kwa ajili ya mtoto huyu. Alikuwa na maneno ya kumvua nguo. Alimwangalia, akaona kitambaa kipya cha kichwani, kile cha mke wa mtu, kimekaa upande.

"Usiseme kitu," akamwambia. "Kama unataka kumfuata bwana yako, dirisha ni hilo, mlango ni huu. Sitakuuliza. Mimi nimefuata wimbo wangu tu."

Kisha akamwita Kimaiyo aingie, akaketi kwenye kiti cha Wabwile, akausogeza ule mguu wa maikrofoni chini kidogo, maana ulikuwa umewekewa mtu mrefu. Kimaiyo alijaribu nyuzi. Mhindi aliangalia saa yake, akaangalia dirisha lake, akainua mkono, maana hakuwa na la kufanya.

Chupa ililia nyuma ya Wilkista kabla hajavuta pumzi. Hakugeuka kuangalia.

"Reli haina mama, reli haina mtoto,
ilimbeba baba Rispah, haikusema inampeleka wapi."

Kwenye jina lile chupa ilikosea, ikaruka pigo, ikalia mara mbili pamoja. Wilkista aliendelea, akaivunja sauti ikapanda mpaka kwenye mabati, akaishusha, akamaliza. Nje hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Chupa haribu pale katikati," Mhindi akasema. "Rudia."

"Iache hivyo hivyo."

"Lakini watu tasikia..."

"Wasikie."

Mhindi alishusha pumzi, akachukua kalamu. "Haya. Jina ya bwana?"

"Bwana alikufa Burma. Andika Wilkista."

*

Rispah alirudi kwa mumewe jioni hiyo. Msinitazame hivyo. Ng'ombe walikuwa kwa Jotham na wawili walikuwa wameshauzwa, angerudi wapi? Alimpa mama yake mkono kwa haraka nyuma ya ukumbi, akaenda mbio.

Kabla Wilkista hajamaliza kuvua viatu, Jotham alikuwa mlangoni mwake Misikhu, na wazee wawili wa ukoo, na Biblia kwapani.

"Umetuaibisha," akasema. "Umemtazama mkwe machoni! Umemsalimu! Kijana amepasua suruali mbele ya Wakalenjin. Watu wake wamekasirika. Tangu niwe mzee sijasikia kitu kama hicho."

"Mimi pia sijasikia."

"Utalipa kondoo."

"Nitalipa."

Jotham alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikohoa. "Na utaomba msamaha."

"Kondoo nitalipa. Ni haki ya desturi, na mimi sijasema desturi ni mbaya. Mama na mkwe hawaonani. Sivyo, wazee?"

"Ndivyo," wazee wakasema.

"Wanakimbiana."

"Ndivyo."

"Basi mwambieni mkwe wangu ajipange, kwa sababu mimi magoti yangu yanauma, nimekimbia zamu yangu na zamu yake." Aliivua kofia, akaipiga vumbi gotini, akaivaa tena. "Mwambieni Jumatano niko soko la Misikhu, upande wa ng'ombe na upande wa viazi, kutwa nzima. Jumamosi niko kwa Nyaguthii, mlango wa mbele. Jumapili niko kanisani, nitaketi pale kwenye kwaya. Siku zingine nitapita barabara kubwa, katikati. Yeye atafute mahindi ya kujitupa."